Tarumbeta la Marehemu Wubshet

Mtaa wa Kebena hauamshwi na jogoo. Majogoo wapo, na wanawika kama wenzao wa Addis Ababa nzima, ila hakuna anayewajali. Kinachowaamsha watu ni baragumu la Wubshet Lemma. Likilia alfajiri, kila mtu hukaa kitako kitandani akawapekua wagonjwa wake kichwani: shangazi mwenye mguu, mjomba mwenye sukari, jirani aliyelazwa juzi na hajarudi. Akimpata anayemdhania, huguna kidogo. Asipompata, huguna zaidi, maana anajua atashtukizwa. Kisha hujitanda shuka jeupe, akafungua mlango na kutega sikio.

La mgambo likilia kuna jambo, na Kebena jambo ni moja tu.

Wubshet alikuwa mpiga mbiu wa chama cha kuzikana, kile ambacho kwao huitwa idiri. Addis Ababa mtu anaweza kuishi bila mke, bila kazi, hata bila dini kama hapendi makuu, lakini bila idiri hathubutu. Nani atamletea hema, masufuria, viti, wanawake wa kulia na ngano ya kuchemsha? Asiye na idiri ni mzigo usio na mpokeaji. Atakaa juu ya ardhi mpaka aibu imzike. Ndiyo maana watu wa Kebena walisengenya kila serikali iliyopita bila hofu kubwa, lakini mbele ya kamati ya idiri walisimama mikono nyuma.

Kazi ya Wubshet ilikuwa kupita vichochoroni, kupuliza mara tatu, na kutangaza: "Jamani, Weizero Fulani ametutoka. Maziko saa sita, kanisani. Asiyefika, faini." Neno la mwisho alilitamka kwa ufasaha kuliko jina la marehemu, awe Weizero, yaani Bibi, au Ato, yaani Bwana, kwa kuwa ndilo lililowatoa watu majumbani.

Baragumu lenyewe lilikuwa la bati na sauti yake moja, kama mbuzi. Mtu mwingine angeridhika nalo. Wubshet alikuwa kama mpishi wa harusi aliyeambiwa achemshe maji maisha yake yote.

Maana hapo zamani, kabla mvi hazijamhamia, Wubshet alikuwa mpiga tarumbeta hasa, lile la shaba lenye vitufe vitatu. Alianza katika bendi ya gwaride, akipuliza huku mabalozi wakishuka kwenye ndege. Jioni vijana wale wale walivua kofia za gwaride, wakavaa tai nyembamba, wakaingia hotelini kupiga jazi. Walichukua noti tano za muziki wa nyumbani, zile wanazozijua mashemasi na wachunga ng'ombe, wakazivisha suti ya Kimarekani. Suti ilibana mabegani, na huko kubana ndiko kulikokuwa na utamu.

Ukitaka kuujua utamu wenyewe, fikiria ngazi ya mbao iliyong'olewa vipandio viwili. Unapanda gizani, mguu unatafuta pa kukanyaga, haupati, moyo unadondoka. Halafu kidole gumba kinagusa kipandio cha mbele na unashusha pumzi. Unarudi kupanda makusudi, ili udondoke tena. Chini yake ngoma zinatikisika kama mabega ya wacheza ngoma wa kwao, yakikataa kukaa sawa. Kinanda cha umeme kinalia kama kanisa lililopotea njia likaingia baa. Gitaa, mguu wa mpigaji ukiwa kwenye kikanyagio, linasema wawa-wawa kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Na mwimbaji hakuna. Hakuna wa kukuambia kama jambo lenyewe ni harusi au msiba. Unashika glasi yako, unatazama mbele, na utajua mwenyewe kama unalia au unacheza. Wengi walifanya yote mawili, na bia haikumwagika.

Kipande alichokitunga Wubshet kwa mkono wake kiliitwa Punda wa Entoto. Siku moja alimwona punda wa kuni akishuka mlima huo huku akichechemea: hatua tatu sawa, ya nne anajikwaa, halafu anaendelea kwa heshima zote kana kwamba alikusudia. Wubshet akarudi nyumbani na mwendo ule kichwani. Kipande kikarekodiwa upande mmoja wa santuri, kikapigwa redioni msimu mmoja wa mvua, kisha wakaja wanajeshi. Amri ya kutotoka nje usiku ikaukuta muziki ndio kwanza unavaa viatu. Wenzake wakatawanyika. Wubshet akalifunga tarumbeta ndani ya shuka kuukuu, akalisukuma chini ya kitanda, akaenda kulinda ghala la nafaka, ambako kwa miaka mingi aliwazuia panya wasiibe teff na wakubwa wasiwasingizie panya.

Alipostaafu, kamati ya idiri ilikuwa inatafuta mtu mwenye mapafu.

Sasa Jumatano moja, siku ya mfungo, Wubshet alikuwa kibarazani na mkewe Aselefech wakichagua mawe kwenye dengu, akafika kijana mwenye nywele za kusimama, miwani ya jua na begi la ngozi. Alijitambulisha kwa jina la Yafet.

"Gashe, samahani," alisema, kwa adabu inayomstahili mzee. "Nasikia wewe ndiye unayetangaza vifo vya mtaa huu."

"Vya mtaa huu tu. Kama una maiti ya ng'ambo ya mto, kuna mwenzangu."

"Si maiti mpya, Gashe. Namtafuta mtu aliyekufa zamani. Mpiga tarumbeta, anaitwa Wubshet Lemma. Nataka kujua amezikwa wapi, tukaweke maua."

Aselefech aliacha kuchagua. "Maua subiri kwanza, mwanangu. Huyo marehemu hajamaliza dengu."

Yafet akavua miwani. Akatoa begini santuri mpya inayong'aa. Ile ya zamani, alieleza, iliokotwa na Mzungu mmoja kwenye duka la vitu chakavu, akaenda nayo kwao, akaisafisha na kuichapa upya, na sasa vijana wa miji mikubwa ya Ulaya wanaisikiliza wakiwa wamefumba macho. Nyuma ya jalada palikuwa na maelezo marefu, naye akayasoma huku akiyatafsiri. Yalisema kwamba kipande kile ni maombolezo ya kale ya watawa wa milimani, na kwamba mpigaji wake, fundi wa huzuni, alifariki angali kijana katika misukosuko ya mapinduzi.

"Ni punda," alisema Wubshet.

"Gashe?"

"Si watawa. Ni punda wa kuni. Alikuwa na kidonda mguuni."

Yafet alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha magendo. "Gashe, nakuomba. Huyo punda tumwache hapa hapa nyumbani."

Hata hivyo, kufufuka kwa marehemu kulimfaa Yafet. Alikuwa anaandaa tamasha la jazi alasiri ya Jumamosi moja ya mwezi uliofuata, katika bustani ya hoteli iliyo ng'ambo tu ya mto Kebena, pamoja na kundi la vijana waliojifunza kipande kile kwa kuisikiliza santuri. Je, Gashe angekubali kusimama nao?

Wubshet alisema atafikiri. Wakati anasema hivyo alikuwa tayari amelala kifudifudi chumbani, mkono chini ya kitanda.

Midomo ya mpiga tarumbeta ni kama shamba: ukilitelekeza, siku utakayorudi utakuta ni mali ya magugu. Asubuhi iliyofuata, saa moja, Wubshet alisimama uani, akakaza midomo na kuanza. Ikatoka sauti ya mlango mbovu. Akapangusa, akakaza tena, na safari hii Punda akatoka, mnyonge lakini mzima.

Kwa bahati mbaya, kipande kile kinaanza kwa milio mitatu mirefu.

Kebena nzima ikakaa kitako kitandani. Milio ilikuwa mirefu kuliko kawaida, tena mizito, na juu yake yakafuata madoido. Basi aliyekufa lazima awe mkubwa. Na kati ya wakubwa, mgonjwa alikuwa mmoja: Ato Bezabih, mwenyekiti wa idiri mwenyewe, aliyekuwa anakufa kwa mwaka wa tatu sasa, kwa moyo, figo na kitu cha tatu ambacho madaktari walikataa kukitaja, bila kukubali kuuachia ufunguo wa ghala la hema.

Ato Bezabih alikuwa anakunywa kahawa yake ya kwanza aliposikia uani kwake pamejaa vilio. Alichungulia nyuma ya pazia. Vijana walikuwa wameshavunja kufuli la ghala na hema linasimama. Masufuria ya dengu yalikuwa yanapita. Katikati, mashuka meupe yakiwa yamemzunguka, alisimama Etete Zenebech, mwanamke ambaye kulia kwake kulikuwa kipaji cha kuazimwa mpaka mitaa ya mbali, akijipiga kifua na kuimba: "Ewe nguzo ya Kebena, ewe mkono usiofumbwa, nani atatukinga mvua sasa, nani atatukinga jua."

Bezabih, ambaye hajawahi kumnunulia mtu hata kikombe cha chai, alikisikiliza kisa cha mkono wake usiofumbwa kwa makini sana. Alisikiliza ubeti mzima, na wa pili. Alitoka pale tu Zenebech aliponyamaza kuvuta pumzi, maana katika ukimya ule alimsikia makamu wake akiuliza kwa upole kama kuna mtu ameuona ufunguo.

"Uko hapa," alisema Bezabih mlangoni, ufunguo ukining'inia shingoni juu ya nguo za kulalia.

Wanawake wawili walizimia. Zenebech, mtu wa kazi yake, alimalizia ubeti.

Kamati ilikaa siku ile ile, chini ya hema, kwa kuwa lilikuwa limeshasimama, huku wakila dengu, kwa kuwa zilikuwa zimeshaiva.

"Ato Wubshet," alisema Bezabih, "Kebena pembe ikilia, mtu amekufa. Ndivyo tulivyoachiwa na baba zetu."

"Baba zetu hawakuwa na tarumbeta, Ato Bezabih."

"Ndiyo maana walikufa kwa utaratibu." Alipangusa vidole. "Sikiliza. Hilo dude lako lisisikike mahali popote masikio ya Kebena yanapofika, isipokuwa pana kifo cha mwanachama. Likisikika bure, jina lako linafutwa. Ufe, kisha mkeo asimame peke yake na jeneza. Hatukulazimishi. Chagua mwenyewe: kupiga, au kuzikwa."

Nyumbani Aselefech alikuwa ameshasikia. "Mgongo wa kukubeba mpaka kanisani mimi sina," alisema.

"Kwani nakufa lini?"

"Wewe? Hata kufa utachelewa. Lakini siku hiyo ikifika sitaki uniharibie. Nimechangia matanga ya watu tangu nikiwa bibi harusi. Yangu nataka niyaone yamejaa."

Wubshet alijaribu kupiga ndani ya kabati, akiwa ameficha uso kwenye makoti. Ilisikika kama mtu anayekabwa, na jirani akavunja mlango kumwokoa. Akapanda Entoto, kwenye msitu wa mikalitusi, akidhani huko atasikilizwa na kuni tu. Kumbe huko ndiko wanakofanyia mazoezi wakimbiaji. Alipofika penye kujikwaa kwa punda, kundi zima la vijana waliokuwa wanapita mbio likajikwaa pamoja, hatua ya nne, kama lililopewa amri. Kocha wao alimfukuza kwa mawe mpaka barabarani. "Nina mashindano mwezi ujao," alifoka, "wewe unanifundishia watoto kilema."

Siku tatu baadaye akafariki Emama Terunesh, ajuza aliyekuwa anauza pilipili ya kusaga. Wubshet aliinuka alfajiri, akalishika baragumu la bati, akalitazama. Akalirudisha msumarini. Kifo kipo, mwanachama ni mwanachama, na kamati ilisema yenyewe kwa mdomo wake.

Akatoka na tarumbeta. Alimtangaza Emama Terunesh kwa milio mitatu mirefu, akaendelea kupiga akiteremka kichochoro, polepole, mpaka kwenye nguzo ya umeme. Kebena ilikuwa haijasikia kitu kama kile. Watu ambao kwa kawaida walilia kwa kukwepa faini walijikuta wanalia kwa hiari. Jirani mmoja aliyegombana na marehemu maisha yake yote juu ya ukuta wa mpaka alikaa chini kwenye tope na kububujikwa, huku bega lake moja likitikisika bila ruhusa yake.

Wiki ile ile akafa mwalimu mstaafu, na Wubshet, midomo ikiwa imeanza kukumbuka, akaongeza sehemu ya kati, akafika mpaka kona ya duka. Hapo maneno yakaanza. Watoto wa Emama Terunesh walikuja kulalamika.

"Mwalimu kapigiwa mpaka dukani," alisema binti mkubwa. "Mama yetu kaishia kwenye nguzo. Kwani mama yetu hakufa vizuri?"

"Sikuwa na pumzi siku ile, binti yangu."

"Pumzi ya mwalimu umeipata wapi?"

Ikawa mazungumzo ya mtaa mzima. Watu waliokuwa wanajali jeneza na idadi ya makasisi sasa walitaka kujua watapigiwa mpaka wapi. Tajiri mwenye ghorofa aliulizia kama inawezekana kuvuka daraja. Bezabih alisikia yote hayo na hakumwita mbele ya kamati, kwa kuwa Wubshet hakuvunja neno hata moja la amri yake.

Kisha, ikiwa imebaki wiki moja, watu wakaacha kufa.

Kebena ilishikwa na afya ya kuudhi. Homa zilishuka, vidonda vilifunga, kikongwe aliyekuwa ameshapakwa mafuta matakatifu aliomba mchuzi wa kuku. Midomo ya Wubshet ilikuwa imefika nusu ya njia na sasa inarudi nyuma. Akaanza kuwatembelea wagonjwa, machungwa mkononi.

"Unaendeleaje, ndugu yangu?"

"Namshukuru Mungu, Gashe, jana nimekula."

"Ah," alisema Wubshet, na kwa uaminifu wake wote alijitahidi kufurahi.

Mara ya tatu alipopita, mgonjwa yule alimwona mlangoni, akainuka na kuanza kufua nguo. Ato Bezabih ndiye aliyemvumilia zaidi, kwa sababu alipenda machungwa.

"Unanitazama kama mtu anavyomtazama kondoo wa Pasaka," alisema akimenya.

"Nimekuja kukujulia hali tu, mwenyekiti."

"Hali yangu haikuhusu mpaka Jumapili. Tamasha ni Jumamosi, sivyo? Nimeapa mbele ya picha ya Mariamu: nitaishi mpaka Jumapili, liwalo na liwe."

Na kweli alinawiri kwa kisirani. Alimeza dawa zote, hata zile za mkewe. Ijumaa alionekana akitembea.

Jumamosi ikafika bila maiti. Wubshet alinyoa ndevu, akafunga ile tai nyembamba ya zamani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unakwenda?" aliuliza Aselefech.

"Sijui."

"Viatu umevaa."

"Viatu nimevaa, lakini sijui."

Aselefech alilitoa lile baragumu msumarini na kulitia kwenye mfuko wa koti la mumewe. "Beba na hili. Wakikufukuza utarudi nalo ukitangaza mwenyewe."

Bustani ya hoteli ilijaa. Walikuwapo Wazungu wa mashirika wenye skafu, vijana wa mjini wenye kofia za babu zao, na mtu mmoja aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kuelewa tangu mafundi walipokuwa wanajaribu spika. Safu ya mbele walikaa Ato Bezabih na wajumbe wawili wa kamati, mashahidi, kila mmoja na soda ya bure. Na nyuma ya jukwaa, juu ya kitambaa kirefu, ilining'inia picha ya Wubshet akiwa kijana, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

"Yafet," alisema Wubshet, "mimi nipo hapa."

"Najua, Gashe, najua. Ila kitambaa tulishakichapa. Halafu, niseme ukweli, mwaka wa kufa unavuta watu."

Wubshet alikisoma kile kitambaa. Halafu akamtazama Bezabih, aliyemwinulia soda yake kama mtu anayemtakia mwenzake safari njema. Ndipo Wubshet akapanda jukwaani, akaliacha tarumbeta kitini, akatoa mfukoni baragumu la bati na kupuliza mara tatu.

Mtu mwenye kichwa cha kuelewa alifumba macho. Ng'ambo ya mto, Kebena ilinyanyuka kwenye kahawa yake.

"Jamani," alitangaza Wubshet kwa sauti ya kazini, "Ato Wubshet Lemma, mwanachama wa idiri, ametutoka. Ametutoka zamani, imeandikwa hapa nyuma yangu, na imeandikwa kwenye santuri, na Ulaya nzima inajua. Sisi wa Kebena ndio tuliochelewa kupata habari. Pana kifo cha mwanachama. Asiyesikiliza, faini."

Kisha akalichukua tarumbeta.

Ngoma zilianza kutikisa mabega yao. Kinanda kikapotea njia kikaingia baa. Wubshet aliinua shaba na Punda wa Entoto akaanza kushuka mlima, hatua tatu sawa, na ya nne ngazi ikakosa kipandio na bustani nzima ikadondoka moyo. Alipiga vizuri kuliko siku ya mwalimu. Katikati kabisa, palipo pagumu, midomo ilimwishia. Sauti ikakatika, ikabaki pumzi tupu ikipita kwenye shaba. Vijana wa bendi walitazamana. Lakini punda ni punda. Wubshet alimwacha ajikwae mara moja zaidi ya ilivyotungwa, akamwinua, na akaendelea kwa heshima zote kana kwamba alikusudia.

Wakati huo watu wa Kebena walikuwa wameshavuka daraja. Waliingia bustanini na mashuka yao meupe, mlinzi akadhani ni sehemu ya burudani akawafungulia lango. Zenebech aliuliza ni nani, akaonyeshwa kitambaa. Hakuuliza zaidi. Alijipiga kifua na kuanza, "Ewe uliyetuamsha, nani atakuamsha wewe," na mpiga ngoma, kijana mwerevu, akayafuata mapigo ya kifua chake pale pale. Aselefech, aliyekuwa amekuja nyuma yao, alisikika akisema, "Sasa nimekuwa mjane na chakula sijapika," akatafuta kiti. Wazungu wenye skafu walifuta machozi. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba ni watawa.

Ato Bezabih alikuwa amekaa wima kama nguzo ya ukumbi. Kisha bega lake la kushoto likaruka. Akalishika kwa mkono. La kulia likaenda kulitafuta lenzake.

Jumatatu alimwita Wubshet nyumbani. Kamati haikuwapo. Palikuwa na kahawa, ya bure, jambo ambalo lilimtia Wubshet hofu kuliko adhabu.

"Umetuvuruga," alisema Bezabih. "Wajumbe wamekesha. Kuna kifo kimetangazwa, kwa hiyo hujavunja amri. Lakini pia mbiu hailii mara mbili kwa mtu mmoja, ndiyo desturi. Umeshajitangaza, umeshaliliwa, Zenebech kapoteza sauti. Siku utakayokufa kweli, hema utapata, jeneza utapata, kuzikwa utazikwa. Pembe hupati."

Wubshet alishusha kikombe. Alijisikia kama aliyepata kipandio. "Na ningempata nani wa kunipigia, mwenyekiti? Mpigaji ni mimi."

"Hilo nalo tuliliona."

Wakanywa. Bezabih alizungusha kikombe chake, akatazama dirishani, akatazama ufunguo wake.

"Ile sehemu ya kati," alisema hatimaye. "Palipojikwaa."

"Ni punda, Ato Bezabih."

"Najua ni punda, mimi nimekulia Entoto. Siku yangu ikifika, pale pa kujikwaa nipigie mara mbili. Na uvuke daraja. Yule wa ghorofa asivuke."

"Kuvuka daraja na kurudia pale kunataka midomo. Midomo inataka mazoezi."

"Basi fanya mazoezi."

"Wapi? Nikipiga nyumbani watu watadhani umekufa. Watakuja hapa kulia."

Bezabih alifikiri. Alijitandaza vizuri zaidi kwenye mto wake.

"Zenebech naye atakuja?"

"Hakosi."

"Ile ya mkono usiofumbwa hakuimaliza siku ile," alisema Bezabih. "Anza Jumatano."